Makindye na Ikweta: Ziwa, Mwinuko na Pepo Zinazoumba Tabianchi

Mtu anayeitazama ramani ya dunia bila kuzijua nchi zenyewe angetarajia kwamba Makindye, mojawapo ya tarafa tano za Jiji la Kampala, ni mahali pa joto kali lisilopoa mchana wala usiku, kwa kuwa tarafa hiyo iko kilomita 30 hivi tu kaskazini mwa mstari wa Ikweta. Hali halisi ni tofauti kabisa. Wastani wa joto la Kampala kwa mwaka ni nyuzi 22 hivi za Selsiasi. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 27 au 28, na kabla ya alfajiri hushuka hadi nyuzi 17, kiasi kwamba wakazi wa vilima vya Buziga na Muyenga hulala wakijifunika blanketi. Wakati huohuo Singapore, iliyo karibu na Ikweta vilevile, huwa na wastani wa nyuzi 27 au zaidi mwaka mzima na usiku wake haupoi. Lodwar, makao makuu ya Turkana nchini Kenya, hupata milimita 200 hivi tu za mvua kwa mwaka. Na Quito, mji mkuu wa Ekwado ambao karibu unakanyaga mstari wenyewe, una ubaridi wa wastani wa nyuzi 14 au 15. Miji hii yote minne hupokea jua linalokaribia kuwa sawa, lakini hakuna hata miwili inayofanana kwa joto na mvua.

Tofauti hizo ndizo kiini cha elimu ya tabianchi. Hali ya hewa ni yale yanayotokea angani leo au wiki hii, yaani mvua iliyonyesha asubuhi au upepo uliovuma jioni, ilhali tabianchi ni wastani na mpangilio wa mambo hayo kwa muda mrefu, ambao wataalamu huuhesabu kwa kawaida kwa miaka 30. Jambo linalopaswa kusisitizwa tangu mwanzo ni kwamba umbali kutoka Ikweta, ambao shuleni hufundishwa kama sababu kuu ya tabianchi, hautoshi kueleza tabianchi ya mahali popote Afrika Mashariki, kwa maana katika eneo hili mwinuko wa ardhi, maziwa, milima na mwelekeo wa pepo vina nguvu ya kupindua kile ambacho ramani ya latitudo ingebashiri.

Hata hivyo jua ndilo mwanzo wa yote. Katika nchi za Ikweta miale ya jua huiangukia ardhi karibu wima mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa. Ardhi na maji vinapopata joto jingi kiasi hicho, hewa iliyo juu yake hupanuka, hupungua uzito na kupaa; pepo kutoka kaskazini na kusini huingia kujaza pengo, na pale zinapokutana hewa yenye unyevu hulazimika kupanda, hupoa na kuwa mawingu. Mkanda huo wa mkutano wa pepo, ambao watabiri wa hali ya hewa huuita ukanda wa mvua, hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo, ukivuka Ikweta kwenda kaskazini na kurudi kusini kila mwaka. Kwa sababu hiyo Kampala ina misimu miwili ya mvua: wa kwanza, ambao Waganda huuita ttoggo, huanza Machi na kufikia kilele Aprili, na wa pili, ddumbi, huanza Septemba na kukolea Oktoba na Novemba. Watu wa pwani wanaijua mizunguko hiyohiyo kwa majina ya masika na vuli. Gulu, iliyo mbali zaidi kaskazini, huona vipindi viwili vikikaribiana hadi kuwa msimu mmoja mrefu unaoanzia Aprili na kumalizikia Oktoba.

Kinachoiokoa Makindye na joto la Singapore ni mwinuko. Sehemu kubwa ya kusini mwa Uganda ni uwanda ulioinuliwa mita 1,100 hadi 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hata ufuko wa ziwa pale Ggaba, ulio chini kuliko sehemu nyingine zote za tarafa, uko juu ya mita 1,130. Hewa inayopanda hukutana na kanieneo dogo, yaani mgandamizo mdogo wa hewa iliyo juu yake, nayo hupanuka na kupoteza joto. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Katika uwanda mpana kama wa Buganda upungufu huwa mdogo kidogo kuliko hesabu hiyo, kwa kuwa ardhi yenyewe huipasha moto hewa iliyo juu yake, lakini unatosha kuamua mkulima apande nini. Kahawa ya robusta, ambayo ni mmea wa asili wa misitu ya eneo hili, hustawi kandokando ya Ziwa Viktoria, ilhali arabika huhitaji ubaridi wa miteremko ya Mlima Elgon na Rwenzori. Kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya bahari, Uganda ina barafu katika latitudo ileile ambayo chini yake migomba huzaa mwaka mzima.

Baada ya mwinuko linafuata ziwa, na hapa ndipo tabianchi ya Makindye inapopata sura yake ya pekee. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, likiwa ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, lakini kina chake ni kidogo, wastani wa mita 40 tu, na maji yake hubaki na uvuguvugu wa nyuzi 24 hadi 26 karibu mwaka mzima. Maji hupata joto polepole na kulitoa polepole, kwanza kwa kuwa miale ya jua hupenya ndani na mawimbi huyachanganya, na pili kwa kuwa joto linalohitajika kuongeza nyuzi moja katika kilo moja ya maji ni takriban mara tano ya lile linalohitajika kwa udongo mkavu. Nchi kavu haina subira hiyo: udongo, lami na mabati hupata moto haraka baada ya jua kuchomoza, na hupoa haraka vilevile baada ya magharibi.

Kutokana na tofauti hiyo hewa ya pwani ya ziwa huenda na kurudi kila siku. Mchana, hewa ya juu ya mji inapopaa kwa joto, hewa baridi kutoka ziwani huingia kujaza nafasi yake, na upepo huo wa ziwani hupanda kutoka Ghuba ya Murchison kupitia Ggaba na Munyonyo hadi kwenye vilima, ukishusha joto na kubeba mvuke kuelekea bara, ambako mara nyingi hugeuka kuwa mvua ya alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa nzito hushuka kutoka pande zote za bonde kuelekea katikati ya ziwa, na pepo hizo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye uvuguvugu huisukuma hewa yenye unyevu kwenda juu kwa nguvu. Ndiyo maana dhoruba kali za Ziwa Viktoria hutokea usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo wavuvi wa mukene, samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa, wako majini na taa zao. Idadi ya wavuvi waliopotea kwa dhoruba hizo katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa ni kubwa mno kuonekana jambo la kawaida, na utabiri wa usiku unaofika kwenye mialo kwa lugha inayoeleweka ni huduma ya lazima kama ilivyo jaketi la kuokolea maisha.

Dhoruba hizo hazibaki majini. Pepo za jumla za eneo hili huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo mawingu yaliyozaliwa usiku husukumwa kuelekea fukwe za magharibi na kaskazini-magharibi, ambazo huamka kwa ngurumo na mvua ya asubuhi. Matokeo yake yanaonekana wazi katika takwimu za miji ya ziwa hilohilo: Bukoba, ufukoni magharibi nchini Tanzania, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Musoma, ng'ambo ya mashariki na karibu katika latitudo ileile, hupata chini ya milimita 1,000. Visiwa vya Ssese hupokea zaidi ya milimita 2,000. Kampala imekaa kati, ikiwa na milimita 1,200 hadi 1,300 hivi, lakini kwa ngurumo haina washindani wengi, kwa kuwa kumbukumbu za vituo vya hali ya hewa zimeihesabia zaidi ya siku 200 za ngurumo kwa mwaka, idadi inayoiweka miongoni mwa miji inayonguruma zaidi duniani. Aidha, takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na kiasi kinachokaribiana na hicho hutoka kwa kugeuka mvuke, hivyo kwamba Mto Nile unaoanza safari yake Jinja hubeba sehemu ndogo tu ya maji yanayozunguka kati ya ziwa na anga.

Pepo za mbali nazo zina sehemu yake. Kuanzia Desemba hadi Machi hewa hutiririka kutoka Bara la Asia na Arabuni kuelekea kusini, nayo ni kaskazi iliyovileta vyombo vya Arabuni hadi Mombasa na Zanzibar kwa karne nyingi. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba mwelekeo hugeuka, na kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi ya kusini, huikaribia pwani ya Kenya, kisha hupinda kuelekea Arabuni na Bara Hindi. Mkondo wa nguvu wa kusi unaopita juu ya mashariki mwa Kenya na Somalia ulielezwa kitaalamu na John Findlater katika miaka ya 1960, na hadi leo hujulikana kwa jina lake. Uganda, iliyo mamia ya kilomita kutoka baharini, hupokea mabaki ya pepo hizo baada ya kupita nchi kavu, lakini upepo wa kusini-mashariki wa Julai huvuka ziwa kwa urefu wake na kuokota mvuke njiani, na hiyo ni sababu mojawapo ya Kampala kutokauka kabisa hata katika miezi ya kiangazi.

Hapa linazuka swali ambalo wasomi wa tabianchi wamelishughulikia kwa muda mrefu: ikiwa Ikweta ni ukanda wa mvua, na mabonde ya Amazon na Kongo yamejaa misitu minene, kwa nini sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na kaskazini-mashariki mwa Uganda ni nyika kavu? Jibu halina sababu moja. Kaskazi hutoka nchi kavu na huwa na unyevu kidogo. Kusi, ingawa hutoka baharini, husafiri sambamba na ufuko badala ya kuingia bara, na nguvu yake huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia, hivyo maji baridi ya kilindini huibuka na kuipoza hewa iliyo juu yake, na hewa iliyopozwa kwa chini haipandi kirahisi kufanya mawingu. Zaidi ya hayo, kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna uwazi wa nchi ya chini ambamo upepo hubanwa na kuongeza kasi, na mkondo huo wa Turkana, ulioelezwa na J. H. Kinuthia na G. C. Asnani mwaka 1982, hupitisha unyevu wa bahari bila kuuacha unyeshe. Lodwar iko katikati ya njia hiyo. Karamoja, nayo, huishi kando ya njia hiyohiyo, na kwa hiyo ukame wake haupaswi kusimuliwa kama uzembe wa wafugaji, kama wengine wanavyopenda kusema, kwa kuwa umeandikwa katika umbo la nchi yenyewe.

Milima hufanya kazi nyingine iliyo rahisi kuionyesha. Upepo wenye unyevu unapogonga mlima hulazimika kupanda, hupoa na kumwaga mvua upande unaoukabili. Ukishavuka kilele hushuka, hupata joto na kukauka, na upande wa pili hubaki katika kile kinachoitwa kivuli cha mvua. Miteremko ya Rwenzori na Elgon ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Uganda, na wingi huohuo una hatari zake, kama ilivyodhihirika Machi 2010 maporomoko ya udongo yalipofukia makazi ya watu huko Bududa. Kwa Waswahili waishio Oman mfano ulio karibu zaidi ni Salalah: kuanzia Juni hadi Septemba pepo zilezile za kusi zilizopita Afrika Mashariki hufika milima ya Dhofar, hutanda ukungu na manyunyu, na vilima hugeuka kijani, wakati Muscat, katika nchi hiyohiyo, inaungua kwa zaidi ya nyuzi 40.

Mikondo ya bahari inaweza kupitwa upesi, kwa kuwa Makindye haina bahari, ila mfano mmoja unasaidia: London iko mbali sana kaskazini, lakini haigandi kama miji ya ndani ya Kanada iliyo katika latitudo hiyohiyo, kwa sababu pepo za magharibi huifikishia joto la maji ya Atlantiki yaliyosafiri kutoka nchi za tropiki.

Bahari ya Hindi, kwa upande mwingine, huifikia Makindye kwa namna ambayo mkazi wa kawaida haioni mpaka maji yamfikie mlangoni. Katika baadhi ya miaka maji ya magharibi mwa bahari hiyo, upande wa Afrika, huwa na joto kuliko kawaida huku yale ya upande wa Indonesia yakipoa, hali ambayo watabiri huiita Dipoli ya Bahari ya Hindi katika awamu chanya. Hewa hupanda kwa wingi upande wa Afrika na vuli huwa na mvua kupita kiasi. Mwaka 1961 ulikuwa wa namna hiyo, na katika miaka mitatu iliyofuata Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 1997 hali hiyo iliungana na El Niño, yaani ongezeko la joto katika Bahari ya Pasifiki karibu na Ikweta, na Afrika Mashariki ikafurika. Mwaka 2019 Dipoli ilikuwa na nguvu kubwa. Mvua zilizofuata ziliinua ziwa hadi Mei 2020 likavunja rekodi ya mwaka 1964 katika kipimo cha Jinja, na majumba, mialo na hoteli za ufukoni, zikiwamo za Ggaba na Munyonyo, zikaingiliwa na maji. Aprili ya mwaka huo kisiwa kinachoelea, kilichong'oka ufukoni, kilifika kwenye mitambo ya umeme ya Jinja na kusababisha nchi nzima kukosa umeme.

Inabaki sababu iliyo ndogo kwa ukubwa lakini iliyo karibu zaidi na mikono ya watu, nayo ni sura ya ardhi na kile kilichojengwa au kupandwa juu yake. Makindye ni nchi ya vilima vyenye vilele bapa na mabonde mapana yaliyokuwa vinamasi vya mafunjo. Usiku usio na mawingu hewa iliyopoa, ikiwa nzito, huteremka kutoka vilimani na kukusanyika mabondeni, ndiyo sababu ukungu hulala Kansanga huku kilele cha Muyenga kikiwa wazi. Mchana mafunjo na miti hutoa maji kwa njia ya mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huchukua joto kutoka hewani. Panapoondolewa mimea na kuwekwa lami, saruji na mabati, joto lililokuwa likitumika kukausha maji hubaki kupasha moto kuta na hewa, na mji huanza kuwa na joto lake, linaloonekana zaidi usiku, juu ya lile la jua. Ardhi iliyofunikwa vilevile hainywi mvua. Mvua ya saa moja ambayo zamani ingesambaa polepole katika kinamasi cha Nakivubo hukimbilia mtaroni, na kwa kuwa Makindye inapokea ngurumo na mvua nzito za ghafla zaidi kuliko miji mingi duniani, Katwe na Namuwongo hufurika kwa sababu mbili zilizokutana: wingu lililotengenezwa na ziwa, na bonde lililozibwa na binadamu. Kinamasi hicho pia huchuja maji machafu ya jiji kabla hayajafika Ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba huvuta sehemu ya maji ya kunywa ya Kampala.

Joto la dunia linazidi kuongezeka kutokana na gesi za viwandani na magari, na Uganda inalo ushahidi wake: barafu ya Rwenzori, ambayo mwaka 1906, msafara wa Duki wa Abruzzi ulipoipanda milima hiyo, ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba mwanzoni mwa karne hii. Mkazi wa Makindye hana uwezo wa kuizuia Dipoli, wala kuusogeza mstari wa Ikweta, wala kuamua pepo zivume wapi. Lakini vinamasi viko ndani ya uwezo wake, na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inavihesabu, pamoja na maziwa na mito, kuwa amana inayoshikiliwa na Serikali kwa manufaa ya raia wote. Kwa hiyo anayetafuta kiwanja katika mabonde ya Kansanga au pembezoni mwa Nakivubo na athibitishe kwanza katika ofisi ya ardhi na kwa Mamlaka ya Mazingira kwamba mahali hapo si kinamasi, na akiambiwa ni kinamasi, asinunue, hata bei ikiwa nafuu kiasi gani.